Jibu: Vijiko sita vya marehemu bibi, ni fedha kweli?
Ndugu, umeuliza kama vijiko hivyo vya chai ulivyorithi, vyenye chapa ndogo za simba, nanga na herufi, ni fedha halisi na vinafika bei gani. Huyo simba anayetembea, mguu wa mbele kauinua, ndiye mwenye jibu: ni chapa ya Uingereza ya fedha ya asilimia 92.5. Nanga usidhani ni mambo ya meli. Ni alama ya mji wa Birmingham, Uingereza, wanaigonga tangu 1773. Herufi huonyesha mwaka wa chapa, ila alfabeti hurudiwa, kwa hiyo tazama kwa lenzi mwandiko wake na umbo la kidirisha kinachoizunguka. Ukiona pia kichwa cha mfalme au malkia, hiyo ni alama ya kodi, 1784 hadi 1890. (Vingeandikwa EPNS ningekupa pole, maana hapo fedha imepakwa juu tu.)

Bei? Vipimwe kwa sonara, zidisha gramu kwa 0.925, kisha kwa bei ya gramu moja ya fedha siku hiyo. Chini ya hapo usikubali. Sita vinavyofanana huuzika vizuri kuliko kimoja kimoja.

Na dawa ya meno usiviguse nayo! Mimi nilisugua changu hadi simba akabaki mkia.