Sauti ya upande mmoja na maswali mengine ya simu za intaneti

Nimefunga Asterisk, programu ya seva ya simu za intaneti, nyuma ya ruta. Simu inaita, mteja ananisikia, ila mimi simsikii. Ruta mbovu?

Ruta haina kosa, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Fungua ujumbe wa INVITE (ombi la kuanzisha simu) unaotoka kwenye seva yako, utaona mstari kama `c=IN IP4 192.168.1.10`. Hapo seva inamwambia mteja alete sauti kwenye anwani ya ndani, isiyofikika kutoka nje. Ruta hubadilisha anwani ya juu ya bahasha tu. Barua iliyomo haigusi. Kwenye pjsip.conf, faili la mipangilio ya SIP (lugha ya kuanzisha na kukata simu), jaza IP yako ya nje kwenye `external_media_address` na `external_signaling_address`, na `local_net` itaje mtandao wako wa ndani. Kisha elekeza kwenye seva poti za UDP za sauti zilizotajwa katika rtp.conf, aghalabu 10000 hadi 20000.

IP yangu hubadilika kila ruta inapozimika. Nifanyeje?

Ukiweza, lipia IP ya kudumu. Usipoweza, tumia DDNS, huduma inayoipa jina IP inayobadilika, na uandike jina badala ya namba. Wengi huishia hapo, kesho yake sauti inapotea tena, kwa sababu Asterisk hutafuta anwani ya jina hilo mara moja tu, inapowaka. Weka `enable=yes` kwenye dnsmgr.conf ili ilitafute upya kila baada ya muda. Lakini kwanza tazama anwani ambayo ruta imepewa na mtoa huduma: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mko wengi nyuma ya IP moja, na kuelekeza poti hakutasaidia.

Simu hukatika kila zikifika sekunde 32.

Ni ugonjwa uleule. Seva imetuma 200 OK (simu imepokewa), ikangoja ACK (uthibitisho wa upande wa pili), haikuja, ikakata. ACK inapelekwa kwenye anwani ya ndani. Rekebisha `external_signaling_address`.

SIP ALG, ile ya ruta kuhariri ujumbe wa SIP, niiwashe?

Izime.

Mwongozo wangu unasema nihariri sip.conf, silioni.

chan_sip, moduli ya zamani iliyosoma faili hilo, iliondolewa kwenye Asterisk 21. Tafuta mwongozo mwingine.

Niiweke seva kwenye DMZ, yaani poti zote zielekezwe kwake, nisihangaike na poti?

Usithubutu! Niliwahi kufungua logi ya seva iliyoachwa wazi hivyo: mtu alikuwa akijaribu kujisajili kama 100, 101, 102, bila kupumzika, na namba 101 nywila yake ilikuwa 101. Wezi hawa hupiga namba za ng'ambo za gharama kubwa usiku umelala, na bili inakuja kwa jina lako. Kama seva yako hujisajili yenyewe kwa mtoa huduma, huna haja ya kuifungua 5060, poti ya SIP, kwa dunia nzima. Usajili ukirudiwa mara kwa mara, ruta huiacha njia wazi. Wafanyakazi walio nje wapitishe kwenye WireGuard, aina ya VPN. Simu za ng'ambo zifunge, umfungulie anayezihitaji tu. Na nywila zibadilishe leo, kabla hujagusa ruta.