Re: Maembe yangu yanaoza yakiwa bado mtini, Kampemba

Mama, huo si uchawi wa jirani. Wale funza weupe unaowakuta ukipasua embe ni watoto wa nzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 kisha akaenea nchi nyingi za Afrika. Tazama ganda vizuri: kuna kitundu kama cha sindano, ukikibonyeza kinatoa maji. Hapo ndipo jike ametaga.

Dawa ya kupuliza sasa haitawafikia, wako ndani ya nyama. Kazi iko chini ya mti. Embe likianguka, funza hutoka, huingia udongoni na kurudi akiwa nzi. Mimi nilikuwa naokota na kutupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, kumbe nawafugia! Sasa naokota kila asubuhi, natia kwenye sashe nyeusi (mfuko wa plastiki), nafunga, naianika juani wiki nzima. Ukizika, shimo lifike nusu mita.

Mitego ya methili-eujeno, yaani chambo chenye harufu inayovuta nzi hao, husaidia, ila hukamata madume tu. Na waambie majirani, maana nzi haulizi ukuta ni wa nani. Mapera unayo pia? Yaangalie, huyo nzi anayapenda sana.