Jina lako liko wapi kwenye hiyo kazi?

Meseji za wiki hii karibu zote ni za akina dada wa maofisini, nimechukua tano.

Dada, kila mwezi naandaa ripoti ya mauzo, supavaiza anaiwasilisha kama yake. Nifanyeje? (Mwanza)

Kwanza niambie unamkabidhije. Kama unamrushia WhatsApp faili halina hata jina lako, basi umempa mwenyewe kwa mkono wako. Mwaka 2011 nilikesha siku tatu kulinganisha hesabu za benki za miezi sita, nikampa mkuu wangu kwenye flashi. Kikaoni mkurugenzi akampongeza yeye, mimi niko mlangoni nimeshika sinia la chai maana ndo nilitumwa nilete, nikagawa vikombe nikatoka. Sikulala siku ile. Tangu hapo kazi yangu haitoki bila "Imeandaliwa na" ukurasa wa kwanza, naituma kwa email, nam-cc mkuu wa idara, na juu naweka mistari mitatu tu: nimekuta nini, ni shilingi ngapi, kifanyike nini. Alafu omba kuwasilisha mwenyewe, hata ukurasa mmoja. Tumefundishwa kwamba binti mwenye adabu hajisemi, sasa wanaojisema ndo wanapanda vyeo kwa jasho letu.

Nikibadilisha mavazi bosi ataniona?

Ataona nguo.

Nimetoka likizo ya uzazi nimekuta nafasi yangu ina mtu, naambiwa nisubiri. Ni miezi minne sasa.

Jamani hili nimelijibu mara ngapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za uzazi zenye malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na unarudi kazini kwa masharti yaleyale. Na ukirudi una hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha, wengi hawayaombi. Kinachoniuma ni hiyo miezi minne. Kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, mingine siku 60. Wewe umeshachelewa, itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu za maana, nenda kesho asubuhi na barua zako zote. Na wewe mwenye mimba unayesoma hapa, taarifa ya likizo itoe miezi mitatu kabla, kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Meneja anasema cheo kipo ila tutoke wote wikiendi kwanza.

Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa kwa sheria ya rushwa ya 2007. Usifute meseji hata moja, usiende kuonana nae peke yako, piga TAKUKURU 113, ni bure.

Mhandisi mwanamke niko peke yangu, kila kikao mimi ndo naandika muhtasari. (Dodoma)

Andika wa leo, ukimaliza sema palepale mbele ya wote wiki ijayo ni zamu ya nani, umtaje kwa jina. Huwezi kutetea mchoro wako huku kichwa kimeinamia daftari. Ila nikuulize, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, umeshasajiliwa kama mhandisi mtaalamu? Kama bado fomu zijaze mwezi huu, wenzio wanasaini michoro uliyoichora wewe.