Jina "sesilia" lilikotoka

Ndugu, umeuliza kama mnyama uliyemfukua kwenye migomba (sesilia, amfibia asiye na miguu, wa jamii moja na vyura) anaitwa hivyo kwa sababu ni kipofu. Ndiyo, jina linatokana na upofu, ila upofu wake si kamili.

Mzizi ni neno la Kilatini caecus, yaani kipofu. Warumi walimwita caecilia mjusi asiye na miguu waliyedhani haoni. Mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi Mswidi aliyepanga majina ya viumbe, akalichukua neno hilo akampa amfibia huyu. Jina la Mtakatifu Sesilia wa wanakwaya lina mzizi huohuo, kwa hiyo usishangae kuyaona yamefanana.

Jina la oda yake (kundi kubwa la kisayansi alimo), Gymnophiona, ni la Kigiriki: gymnos ni uchi, ophis ni nyoka. Nyoka uchi, kwa kuwa kwa nje hana magamba. Hapo ndipo jina linapopotosha, maana nyoka si ndugu yake. Ndugu zake ni vyura na salamanda (amfibia wenye mkia, umbo kama mjusi).

Macho anayo, yamefunikwa na ngozi au mfupa, na spishi nyingi hutambua mwanga na giza tu. Boulengerula, sesilia wa Taita na Usambara, macho yake yamo chini ya mfupa wa fuvu.

Kumtofautisha na mnyoo, lowesha mikono kwanza (ngozi kavu humdhuru), kisha mtazame kichwani. Ukiona mdomo wenye taya, na kijipapasio kati ya jicho na pua, huyo ni sesilia. Mnyoo hana taya. Ukikuta magamba makavu yanayong'aa na ulimi uliogawanyika, umeshika nyoka, huenda nyoka-kipofu, nyoka mdogo aishiye udongoni. Sesilia mrudishe kwenye udongo ulio na unyevu.