Je, miaka mitatu ya ubingwa inamtosha daktari wa watoto?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Ninamaliza mwaka wa tatu wa ubingwa wa magonjwa ya watoto jijini Dar es Salaam, na karibuni nitarejea katika hospitali ya mkoa iliyoniruhusu kusoma. Zamu ya wodini hainitishi. Lakini juzi, kliniki, mama mmoja aliniuliza kwa nini mwanawe wa miaka 3 haongei, nami sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumwandikia rufaa. Je, nimeandaliwa vya kutosha?

JIBU: Marahaba, Daktari. Umeandaliwa vizuri kwa nusu ya kazi, na mama huyo amekuuliza kuhusu nusu ya pili. Miaka 5 ya udaktari, 1 ya mafunzo kwa vitendo na 3 ya ubingwa hupita kwa sehemu kubwa katika hospitali ambazo mtoto huletwa akiwa amezidiwa. Ndiyo maana umezoea kutafuta mshipa wa kichanga usiku wa manane, ilhali mtoto anayechelewa kukua bila homa wala degedege humwoni, kwa kuwa hakuna anayemlaza.

Chukua selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Wodini umejifunza kumwongezea damu mtoto aliyepungukiwa na kumtuliza maumivu, kisha akaruhusiwa. Mkoani mtoto huyohuyo atakuwa wako kwa miaka: penisilini ya kumkinga na maambukizi mara 2 kwa siku hadi atimize angalau miaka 5, haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa, inayodai vipimo vya damu vya mara kwa mara, masomo anayoyakosa, na wazazi wanaotaka kujua kama wazae tena. Mwanafunzi wa ubingwa huhamishwa kitengo kabla mtoto hajarudi kliniki mara ya tatu, na kwangu hilo ndilo pengo kubwa la mafunzo yetu.

Nilipokuwa bingwa pekee katika hospitali moja ya mkoa, nilimwambia mama wa mtoto asiyeongea asubiri, kwamba wavulana huchelewa. Alirudi baada ya mwaka, tukagundua kuwa mtoto hasikii. Mwaka ule ninaujutia hadi leo.

Kwa hiyo anza na masikio. Uliza pia kama mtoto hugeuka akiitwa jina, kama huonyesha kitu kwa kidole, na kama hucheza na wenzake. Maswali hayo hayahitaji mashine. Katika miezi iliyobaki, chagua watoto wachache wenye selimundu au kifafa uwaone wewe mwenyewe kila wanaporudi, na uombe kukaa na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anapojaza kadi za ukuaji. Ila kwanza mtafute yule mama, umpangie mwanawe kipimo cha usikivu wiki hii.