Maswali na Majibu ya Wasanifu: Barua za Wasomaji wa Tanga

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka mkoani Tanga. Nimezijibu kwa pamoja kwa sababu, ingawa kila mwandishi ameuliza jambo lake, karibu zote zinahusu kazi iliyopendeza kwenye skrini ya kompyuta ikaharibika ilipofika mahali ilipokusudiwa kutumika, yaani kwenye karatasi, kwenye kibao cha barabarani, au kwenye simu ya mteja. Baadhi ya barua nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha.

Swali. Ndugu mhariri, salaam. Nina ofisi ndogo ya kutengeneza kadi na mabango hapa Ngamiani. Nilisanifu kadi ya mwaliko wa harusi yenye bluu iliyokolea, mteja akaiona kwenye kompyuta akaipenda sana. Ilipotoka kwa mchapishaji, bluu ilikuwa imefifia na kuelekea zambarau, na mteja amekataa kulipa. Je, tatizo liko kwangu au kwa mchapishaji?

Jibu. Tatizo limeanza kabla faili halijamfikia mchapishaji. Skrini hutengeneza rangi kwa kuchanganya mianga mitatu, nyekundu, kijani na bluu, katika mfumo uitwao RGB, ilhali mashine ya uchapaji huchanganya wino wa sayani, majenta, manjano na nyeusi katika mfumo wa CMYK. Mwanga unaweza kutoa bluu na kijani chenye mng'ao ambao wino hauwezi kuufikia kwa namna yoyote, kwa hiyo rangi ile uliyoichagua haikuwepo kabisa katika uwezo wa mashine, nayo ikatafuta iliyo jirani. Kuelekea zambarau nako kuna sababu yake: bluu ya wino hupatikana kwa sayani na majenta, na viwango vya wino hizo mbili vikikaribiana sana, majenta hushinda. Ukitaka bluu ibaki bluu, hakikisha majenta iko chini ya sayani kwa asilimia 30 au zaidi. Kwa mfano sayani 100 na majenta 60.

Kwa hiyo, kabla hujafungua ukurasa mpya, muulize mchapishaji anatumia mashine gani na anataka faili la namna gani. Swali hili ni la lazima, kwa sababu printa nyingi ndogo za mezani zimeundwa kupokea RGB na kugeuza rangi zenyewe, na ukizipelekea CMYK unaweza kuharibu zaidi. Mchapishaji wa ofseti, yaani mashine kubwa ya kuchapa nakala nyingi, atataka CMYK, na ukimwomba atakupa wasifu wa rangi wa mashine yake, ambao ukiuweka kwenye programu yako utaona mapema ni rangi zipi zitafifia. Karatasi nayo ina sehemu yake. Isiyong'aa hunyonya wino na kuzimisha rangi, na kwa mji wa pwani kama Tanga, ambako hewa ina unyevu mwingi, karatasi iliyoachwa wazi hujikunja, hivyo ni vyema ibaki ndani ya vifungashio vyake hadi saa ya kuchapa.

Kuna mambo mengine matatu ambayo huharibu kadi mara kwa mara. Picha ziwe na pikseli (nukta zinazounda picha) 300 kwa kila inchi katika ukubwa wake wa mwisho, ambao kwa A5 ni pikseli 1748 kwa 2480 na kwa A4 ni pikseli 2480 kwa 3508. Rangi ya nyuma ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikiteleza kidogo utaona ukingo mweupe. Na maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake kwa asilimia 100, kwa kuwa ukiyaunda kwa wino zote nne, mashine ikipishana hata kwa unywele, kila herufi itatoka na kivuli cha rangi.

Kuhusu malipo, mteja alikubali kitu alichokiona kwenye skrini, na hakuna aliyemwonyesha karatasi. Siku zijazo mchapishie nakala moja kwenye karatasi ileile itakayotumika, aitie sahihi, ndipo uchape zilizobaki. Gharama ya nakala hiyo iingize kwenye bei tangu mwanzo.

Swali. Sisi ni kikundi cha wavuvi, Pangani. Tunayo nembo yetu ndani ya WhatsApp tu, na fundi wa vibao anasema akiikuza inakuwa na ukungu. Tufanye nini?

Jibu. Nembo yenu imehifadhiwa kama picha ya pikseli, nayo WhatsApp huibana kila inapotumwa kama picha ya kawaida. Anzeni kwa kumtafuta aliyeichora, mkamwomba faili la vekta, yaani SVG, PDF au AI (faili la programu ya Adobe Illustrator). Vekta huhifadhi mistari kwa hesabu, hivyo hutoka safi kwenye kadi na kwenye ubavu wa jahazi vilevile. Akikosekana, msanifu aichore upya kwa mkono juu ya ile ya zamani katika programu ya vekta. Programu hizo zina amri ya kufuatisha picha zenyewe, lakini kwa picha yenye ukungu amri hiyo hufuatisha na ukungu wake, kwa hiyo mimi siipendekezi. Mkishaipata, mtumeni fundi kama waraka, si kama picha, ili isibanwe.

Swali. Assalaam alaykum. Nasanifu matangazo ya maulidi na kadi za nikahi kwa ajili ya misikiti kadhaa mjini Tanga. Kila nikibandika mstari wa Kiarabu kwenye programu yangu, herufi zinaachana na wakati mwingine zinasomeka kinyumenyume. Nimekuwa nikitumia picha za mtandaoni badala yake, lakini hazina ubora.

Jibu. Wa alaykum salaam. Barua yako nimeifurahia, maana jambo hili linawagusa wasanifu wengi wa pwani na halizungumzwi inavyostahili. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kulingana na mahali ilipo, mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno, na mwandiko huenda kutoka kulia kwenda kushoto. Programu isiyo na injini ya kuunganisha herufi huziweka moja moja katika umbo la pekee, ndiyo sababu zinaachana. Kati ya programu za bure, Inkscape na GIMP huziunganisha zenyewe, na Scribus hufanya hivyo kuanzia toleo la 1.6. Ukitumia toleo la zamani la Photoshop, ingia kwenye mapendeleo ya maandishi uchague injini ya lugha za Mashariki ya Kati, kisha anza waraka mpya.

Fonti ichaguliwe kwa uangalifu. Amiri, ambayo ni ya bure na imefuata mwandiko wa naskhi wa matbaa ya Bulaq ya Misri, hubeba irabu vizuri bila kugongana. Usiongeze nafasi kati ya herufi za Kiarabu kama ufanyavyo kwa herufi kubwa za Kilatini, kwa sababu utaukata mwandiko ambao asili yake ni kushikana. Wala usitumie nafasi ya mistari iliyokusudiwa Kiswahili. Irabu za juu na za chini zinahitaji hewa zaidi. Kazi ikikamilika, mpelekee ustadhi aisome kwenye karatasi kabla ya kuchapa, hata kama wewe mwenyewe unasoma, kwa kuwa macho ya aliyepanga maandishi huruka makosa yake.

Kuna jambo la mwisho ambalo ni la adabu kuliko ufundi. Kipeperushi cha barabarani huishia chini, kikanyagwe au kifungiwe karanga. Aya ya Qur'ani iweke kwenye kadi itakayotunzwa nyumbani, na kwenye kipeperushi tumia mapambo ya kijiometri pamoja na maelezo ya tarehe na mahali. Wazee wa msikiti wakielezwa hivyo, nina hakika watakuelewa.

Swali. Mteja wangu ana duka la vifaa vya ujenzi, Chumbageni. Anataka kibao kimoja kiwe na jina la duka, orodha ya bidhaa zote, namba nne za simu, picha ya mifuko ya saruji, na maneno ya kuwakaribisha wateja. Nikipunguza anasema sijafanya kazi. Nimjibuje?

Jibu. Mwonyeshe hesabu, kwa sababu hesabu haimvunjii heshima. Watengeneza vibao hutumia kanuni kwamba ili herufi isomeke kwa raha, iwe na urefu wa sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Mtu aliyepanda bajaji, akiwa mita 30 kutoka dukani, anahitaji herufi za sentimita 25. Kibao chenye kimo cha mita moja kitabeba mistari mitatu ya herufi hizo, na nafasi yote imekwisha. Sasa mteja achague mwenyewe mistari mitatu. Aghalabu atachagua jina, aina ya biashara na namba moja ya simu. Orodha ya bidhaa itafaa mlangoni, ambapo msomaji amesimama.

Akihitaji kuona kwa macho, mtandikie khanga. Kuna pindo linalozunguka, kuna mji wa katikati wenye mchoro, na kuna jina, ambalo ni mstari mmoja tu wa maneno, uliopewa nafasi yake pasipo kugombana na maua. Mama aliyekaa ng'ambo ya ua hulisoma. Walioipanga khanga walijua kwamba mwenye kuisoma yuko mbali na mvaaji anatembea, na msanifu wa kibao ana wasomaji walewale.

Swali. Nimemtengenezea mwenye nyumba ya wageni tovuti yenye picha nzuri za bahari, vyumba na Mapango ya Amboni. Kwangu inafunguka vizuri, lakini yeye analalamika kwamba wageni wanampigia simu kusema haifunguki. Nimebadilisha kampuni inayohifadhi tovuti bila mafanikio. Je, kasoro iko wapi?

Jibu. Nimeifungua tovuti hiyo. Ukurasa wa kwanza una picha 12 zilizopandishwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera ya simu, kila moja ikiwa na takribani megabaiti 4. Mgeni anayetafuta chumba huku akitumia bando la kupima hulazimika kupakua karibu megabaiti 48 ili tu aone bei, na wengi huondoka kabla picha ya pili haijatokea. Wewe huoni tatizo kwa sababu kivinjari chako kimekwisha kuzihifadhi picha hizo.

Simu nyingi za bei nafuu zina upana wa pikseli 360 za kivinjari, ambazo kwa skrini yenye msongamano maradufu ni pikseli halisi 720. Picha yenye upana wa pikseli 4000 haiwapi wageni hao chochote cha ziada. Tengeneza nakala za upana wa 720 na 1440, uziorodheshe kwa sifa ya "srcset" ndani ya msimbo wa ukurasa ili kila kifaa kichukue kinachokifaa, na uzihifadhi kwa muundo wa WebP, ambao kwa vipimo vya Google wenyewe hupunguza uzito kwa robo hadi theluthi ukilinganishwa na JPEG ya ubora uleule. Picha ya pikseli 720 inaweza kushuka hadi kilobaiti 120 au chini yake bila jicho kugundua, na ukurasa mzima ukawa na megabaiti moja na nusu. Picha zilizo chini ya ukurasa zipe sifa ya "loading" yenye thamani ya "lazy", zisipakuliwe hadi msomaji azikaribie, lakini ile ya juu kabisa usiipe, maana itachelewa pasipo sababu. Kila picha iandikiwe upana na kimo chake, ili maandishi yasiruke wakati picha zinaingia na mtu akabonyeza asichokusudia.

Google hupendekeza kwamba kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Usipime kwa kompyuta yako. Azima simu ya kawaida, zima Wi-Fi, futa kumbukumbu ya kivinjari, kisha fungua.

Nimeona mengine mawili. Bei za vyumba umeziandika ndani ya picha, kwa hiyo haziwezi kunakiliwa, kutafutwa wala kusomwa na programu inayowasomea wasioona. Ziwe maandishi halisi. Pia umetumia kijivu chepesi juu ya nyeupe. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Kijivu chenye msimbo #999999 juu ya nyeupe kina uwiano ulio chini ya 3, wakati #767676 kinavuka kiwango kwa shida. Anayesoma akiwa ufukweni Raskazone saa sita mchana anahitaji kilichokolea kuliko hicho.

Vitufe vyako navyo vimekatika maneno kwa kuwa umetumia kiolezo kilichopimwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hukusanya mengi ndani ya neno moja. Kitufe kipewe upana unaofuata maneno yake badala ya upana uliofungwa. Andika lang="sw" mwanzoni mwa msimbo wa ukurasa, ili kivinjari kijue kwamba lugha ni Kiswahili, na katika vichwa vya habari vyenye maneno marefu weka alama fiche ya ­, inayoonyesha mahali neno linapoweza kukatwa, mwishoni mwa silabi, yaani baada ya irabu. Fonti nayo uijaribu kwa maneno kama "mnunuzi" na "mmomonyoko". Fonti iliyobanana hugeuza m na n kuwa safu ya vijiti.

Swali. Mimi ni mwanafunzi, Korogwe. Nina kompyuta ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 4 na sina fedha za programu. Nianze na nini?

Jibu. Anza na Inkscape kwa nembo na vibao. Baadaye ongeza GIMP kwa picha na Scribus kwa vijitabu. Zote ni za bure kisheria na zitafanya kazi kwenye kompyuta yako, ingawa ni vyema usizifungue kwa pamoja. Epuka programu za wizi, kwani nyingi huja na virusi, na kazi ya mteja ikipotea huna wa kumlalamikia. Kwa zoezi la kwanza, chukua kadi yoyote iliyochapwa, ipime kwa rula, kisha uichore upya kwa vipimo vilevile, pambizo kwa pambizo na herufi kwa herufi. Peleka faili kwa mchapishaji wa hapo mjini, lipia nakala moja, na uilaze juu ya kadi ya asili uone zilipotofautiana.