Boksi la kompyuta chakavu: usifumue laptopu kabla hujaijaribu

Dada wa Mwanza, hongera kwa hilo boksi. Kwa nilivyoelewa, umepewa kibodi kadhaa, vipande vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), hadi diski (diski ya kuhifadhia data) na laptopu moja ya mwaka 2012, vyote kutoka ofisi iliyofunga shughuli, na unataka kuvifumua vyote upate malighafi ya hereni na vishika funguo. Mimi ni fundi kompyuta hapa Dar na mapambo ya aina hiyo natengeneza na kuuza, kwa hiyo nakujibu pande zote mbili.

Laptopu iache kwanza. Kama inawaka, hata kwa kujikongoja, ina thamani kubwa kuliko hereni zote utakazotoa humo. Mara nyingi kinachoichosha ni ile hadi diski ya kuzunguka. Itoe, weka SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, inakaa palepale. RAM ya enzi hizo ni ya aina ya DDR3, usikubali kuuziwa DDR4, aina iliyofuata, maana haiingii. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya umri huo haikidhi masharti ya Windows 11, basi weka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Ni bure, na linaendeka vizuri kwenye RAM ya GB 4. Hapo umepata kompyuta ya kuandikia oda za wateja na kusafishia picha za bidhaa zako.

Kibodi zilizokufa ndizo mali yako. Vitufe ving'oe kwa bisibisi bapa ndogo, ukinyanyua kutoka pembeni taratibu, kisha vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Toboa kwa keekee ya milimita 1.5, mwendo wa polepole, usije ukayeyusha plastiki. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni hili: wateja wanataka herufi ya jina, na kila kibodi ina A moja na M moja tu. Jozi ya hereni inahitaji kibodi mbili za aina ileile. Ukiwa na moja, muuzie mtu herufi ya jina lake sikio hili na ya mwenzi wake sikio la pili, zinapendwa sana. Q na X hazina mwenyewe kwetu. Hizo mimi nazifunika kwa kipande cha kitenge, nabana kwa gundi, napaka vanishi juu, nazining'iniza pamoja na shanga mbili tatu za rangi ya kitenge kilekile. Kusema kweli, hizo ndizo nzuri kuliko zote.

Vipande vya RAM vinafaa kwa funguo, si kwa masikio. Hiyo dhahabu ya ukingoni ni utando mwembamba sana na chini yake kuna nikeli, ambayo watu wengi inawawasha. Vya zamani, hasa kabla ya 2006 Ulaya ilipozuia madini ya risasi kwenye vifaa vya umeme, vimeunganishwa kwa solda yenye risasi. Kwa hiyo usikate wala kusugua sehemu yenye solda, tumia kipande kizima, kipake vanishi tabaka mbili, na usimtengenezee mtoto. Ukilazimika kulainisha kona, tumia msasa wa maji huku umevaa barakoa, kwa sababu bodi ni nyuzi za kioo na vumbi lake si la kuvuta.

Hadi diski zina sahani zinazong'aa kama kioo cha kujitazamia, na hapo kuna hatari: za kompyuta ya mezani kwa kawaida ni aluminiamu, lakini nyingi za laptopu ni kioo kweli. Ukiikunja inapasuka vipande vidogo vidogo, vinaruka machoni. Vaa miwani ya kazi, na sahani ya kioo usiikate kabisa. Zile zinazosoma bado, futa data zake kwa programu ya kufutia kabla hujazifungua. Ni kumbukumbu za watu.

Kulabu za hereni usibane pesa. Nunua za chuma cha pua. Kariakoo zinauzwa kwa pakiti, na wanaokuja Mwanza wanaweza kukubebea. Kulabu za bei ya chini zinaharibu masikio ya mteja, na mteja huyo harudi.

Betri ya laptopu ikiwa imevimba, usiitoboe wala kuichaji. Iweke mahali pakavu, mbali na watoto na kitu chochote kinachoshika moto, kisha uliza ofisi ya NEMC (baraza la taifa la mazingira) ya Kanda ya Ziwa wakuelekeze kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali. Na hiyo laptopu igeuze, soma lebo ya chini, uniandikie jina la modeli. Nitakuambia inabeba RAM kiasi gani kabla hujatoa hela yako.